Kabla hujaokota bati la zamani: historia ya kubomoa na kujenga huku kwetu Bukoba

SEHEMU YA 1

Wiki hii siongelei uji wala kunyonyesha. Chanjo itaingia tu, mnanijua.

Mtoto wa dada yangu yuko kwangu likizo. Ana game moja kwenye simu, anaicheza mpaka chaji iishe. Unatupwa porini huna kitu, unakata miti, unaokota mawe, unajenga kibanda kabla ya usiku, la sivyo unaliwa. Juzi nikamkuta anabomoa nyumba yake yote, ukuta baada ya ukuta, kisa mlango ameuweka upande mbaya. Nikamwonea huruma. Akacheka: "Ma'mdogo, hamna shida. Ukibomoa unarudishiwa nusu ya vitu vyako." Na kweli nikaona mbao zinarudi kwenye begi lake, safi kabisa, hazina msumari wala vumbi.

Usiku ule ule ikaingia meseji ya mama mmoja wa Muleba. Ameniruhusu niiandike bila jina. Wanabomoa nyumba ya marehemu baba mkwe ili wajenge mpya. Anasema: "Nesi, paa lake siyo bati la kawaida. Ni zile za kijivu, nene, zina mawimbi makubwa. Mume wangu anataka tufunikie jiko na banda la kuku. Zilizovunjika watoto wanachorea chini kama chaki. Nina mtoto wa miezi saba. Kuna shida?"

Nilimjibu hapo hapo, na wewe kama una hali kama hiyo usisubiri sehemu ya mwisho: toa watoto hapo leo, msivunje, msikate, msifagie vumbi lake likiwa kavu. Maelezo yanakuja.

Ila nilijua kumwambia tu "tupeni" hakutoshi. Huku kwetu mtu hatupi kitu cha nyumba. Baba mkwe amekuachia paa, halafu nesi wa mtandaoni anakwambia ulizike? Nikaona bora nianze mbali, nieleze hii tabia yetu ya kutoa nyumba ndani ya nyumba ilitoka wapi, kwa nini ni tabia ya akili, na ni wapi imekuja kugeuka.

SEHEMU YA 2

Wengi wenu mmeuona mushonge kwenye picha au kwenye maonyesho. Nyumba ya duara, nyasi kuanzia kileleni mpaka chini kabisa, kama kikapu kilichofunikwa. Ndani kuna nguzo, juu yake fito na matete yamefungwa kwa kamba mduara juu ya mduara. Watu walilala humo na ng'ombe humo humo, kila mmoja na upande wake. Sakafuni kulitandikwa nyasi, siyo mkeka tu.

Sasa angalia nyumba ile inapochoka. Nyasi za paa zimeoza na zimejaa masizi ya moto wa miaka. Hazikutupwa. Zilienda kibanjani, chini ya migomba. Na za sakafuni vile vile: zikichakaa zinatolewa zinaenda kwenye migomba, zinaletwa mpya kutoka rweya, yale maeneo ya wazi ya nyasi nje ya vijiji. Ardhi yetu ya Bukoba kwa asili siyo tajiri kama watu wanavyodhani wakiona kijani. Kibanja kimetengenezwa kwa mkono, vizazi na vizazi, kwa nyasi, kinyesi cha ng'ombe, majivu na mabaki ya nyumba. Yaani ndizi aliyokula bibi yako ilikuwa imekula paa la bibi yake.

Fito nzima zilirudi kwenye nyumba mpya. Zilizoliwa na mchwa zilienda jikoni. Kila kipande kilichobaki kilikuwa kitu ambacho udongo unakijua. Hiyo weka akilini.

Kuna mfano wa zamani zaidi ambao mimi binafsi naupenda kuliko wote. Uko Katuruka, pale Maruku, si mbali na mji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa Marekani, Peter Schmidt, alikaa na wazee wa huko akisikiliza masimulizi yao kuhusu mahali paitwapo Kaiija na mfalme Rugomora Mahe. Walipochimba wakakuta mabaki ya uhunzi ya zaidi ya miaka 2,000. Babu zetu waliyeyusha chuma hapa wakati ambapo wengi wa dunia hawakudhani Mwafrika anaweza.

Mwaka 1976 aliwaomba wazee waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani wawashe tena tanuru. Ilikuwa imepita miaka mingi, chuma cha dukani kilishaua kazi yao. Walijaribu zaidi ya mara moja mpaka mikono ikakumbuka. Na tanuru lile walilijenga kwa nini? Kwa udongo wa kichuguu na vipande vya mavi ya chuma ya zamani. Mavi ya chuma, kwa wasiojua, ni yale mabonge meusi yanayobaki chuma kikishatoka. Ni uchafu wa moto wa jana. Lakini kwa sababu yameshapita kwenye moto mkali, hayaogopi moto tena, kwa hiyo yanafaa kuwa ukuta wa tanuru jipya. Tanuru lililokufa linazaa tanuru lingine. Huyo mtoto na game yake angeelewa mara moja.

Basi usidhani kuokoa vifaa ni umaskini. Ni elimu. Mzee wa uhunzi alijua kipande gani kimeshapimwa na moto na kipi hakijapimwa.

Lakini, na hapa ndipo nilitaka mfike, wazee wale wale walijua pia kwamba kuna nyumba ambayo unaikimbia. Huko Kiziba, kaskazini mwa mji, mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na ugonjwa ulioua sana. Mwaka 1898 Robert Koch, yule daktari Mjerumani aliyegundua mdudu wa kifua kikuu, alithibitisha kwamba ni tauni. Alipoandika habari zake alieleza kwamba wenyeji walishajua dalili: panya wakianza kufa ndani ya nyumba, watu wahame. Hakuna maabara, hakuna darubini. Waliangalia panya. Nyumba ilikuwa bado imesimama, nguzo nzima, nyasi nzuri, na bado waliiacha.

Nimeanza kuandika nikiwa napika, samahani kwa makosa. Kesho naendelea.

SEHEMU YA 3

Bati.

Bati la mawimbi lilipewa hati ya ugunduzi London mwaka 1829, la mtu aitwaye Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari. Ile mikunjo siyo urembo. Karatasi nyembamba ya chuma ukiikunja mawimbi inabeba uzito ambao ikiwa tambarare ingelala. Miaka michache baadaye, 1837, Mfaransa Stanislas Sorel akapata hati ya kupaka chuma zinki ili kisioze. Hapo ndipo bati likawa bati: jepesi, linasafiri, linadumu.

Kufika kwetu lilitegemea reli na meli. Mji wa Bukoba wenyewe ulianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1890, Emin Pasha alipopiga kambi. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na kutoka hapo mizigo ikapanda meli za ziwani. Mabati ya kwanza yalikaa juu ya ofisi, makanisa na maduka. Ni kahawa iliyoyaleta vijijini. Kahawa ilipopanda bei, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ambapo chama cha ushirika nacho kilikuwa ndiyo kimeanza, familia nyingi za Kihaya ziliacha nyasi zikapanda kwenye bati. Ukiwa na paa la bati ulikuwa mtu. Bado iko hivyo, tusidanganyane.

Na bati lina maisha marefu kuliko nyumba. Hii mnaijua wenyewe. Linaanza nyumba kubwa. Likishatoboka kidogo linahamia jikoni. Baadaye banda la mbuzi, mlango wa choo, uzio wa bustani. Msimu wa senene ukifika, tazama mitego: mabati yamesimamishwa, taa kali juu, mapipa chini. Mengi yana matundu ya misumari, maana yake kuna mahali yaliwahi kulaza watu. Mwisho kabisa linabebwa na wale vijana wa vyuma chakavu wenye mzani.

Fundi mzuri anayeezua hapigi nyundo ovyo. Anainua kichwa cha msumari kwa mtaimbo taratibu, anaweka ubao chini ili bati lisipinde, anashusha moja moja kwa watu wawili. Wakati wa kuezeka tena anajua tundu la zamani likae juu ya wimbi, siyo bondeni maji yanapopita, na mengine anayaziba kwa lami. Ukitazama ukingo wa bati la zamani utaona kutu inaanzia pale lilipokatwa na pale lilipotobolewa, kwa sababu zinki imekatika hapo. Na mabati mengi ya zamani yalikuwa mazito kuliko haya ya siku hizi unayokunja kwa vidole. Kwa hiyo mzee anayekataa kuuza mabati ya mwaka 1960 usimcheke.

(Mtu aniulize mbona naongea kama fundi. Baba yangu alikuwa fundi seremala. Nimeshika mtaimbo kabla ya sindano.)

Kuna kubomoa kwingine ambako hakuna mpango. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakaipiga Bukoba, wakalipua ngome ya Wajerumani na kituo cha simu ya upepo, wakaondoka. Mji uliporwa. Lakini wazazi wetu hawaongelei 1915, wanaongelea 1978.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Missenyi, upande ule wa kaskazini mwa mto Kagera. Amin akatangaza ardhi hiyo ni ya Uganda. Mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu wakakimbilia huku kusini na watoto mgongoni. Kule nyuma kilichobebeka kilibebwa: ng'ombe kwa maelfu, magari, mitambo ya kiwanda cha sukari, vyombo vya ndani. Ukikaa na wazee wa Missenyi watakuhadithia habari za mabati. Mabati! Jeshi limevuka mpaka na silaha, linarudi limebeba paa la mjane. Unaelewa hapo bati lilikuwa na thamani gani.

Jeshi letu lilipita mto kwa madaraja ya muda, vita ikaendelea mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Watu wakarudi Missenyi. Wakakuta kuta bila paa, wengine hata kuta hakuna. Wakaanza kuokota. Tofali zima huku, fremu ya dirisha kule, bati lililotobolewa risasi. Kanisa la Kyaka, lile gofu la pale kilimani ukikaribia mto, limeachwa kama lilivyo mpaka leo kuwa kumbukumbu. Ni moja ya majengo machache ya vita ile ambayo hakuna aliyekwenda kuchukua tofali zake. Mengine yote yameshakuwa nyumba za watu.

SEHEMU YA 4

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi, saa tisa na nusu hivi alasiri. Hamhitaji nielezee. Kila mmoja wa huku anajua alikuwa wapi.

Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 5.9, kitovu chake upande wa Nsunga, Missenyi, karibu na mpaka. Watu 17 walikufa upande wetu, waliojeruhiwa wakawa mamia. Nyumba zilizoanguka na zilizopasuka zilikuwa maelfu. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya zikafungwa. Bahati tu ilikuwa Jumamosi, madarasa ya watoto wadogo yalikuwa matupu.

Zilizoua hazikuwa nyumba za fito na udongo. Zile zilipinda, zikamwaga plasta, watu wakatoka. Zilizoua ni kuta za tofali zisizo na nondo wala mkanda, zimejengwa juu kwa tope au saruji kidogo, na juu yake paa zito. Nayasema haya kama mtu aliyekuwa zamu siku ile. Mengine yatabaki kwangu.

Baada ya mazishi kikaja kifusi. Rais Magufuli alipokuja Januari 2017 alisema waziwazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Nguvu ya serikali na wafadhili ilienda zaidi kwenye shule, vituo vya afya na miundombinu, Ihungo ikajengwa upya kwa mchango mkubwa wa Uingereza. Mtu wa kawaida akabaki na kifusi chake. Na kile kifusi ndicho kilikuwa benki yake.

Hapo nikajifunza kitu ambacho fundi yeyote atakuthibitishia. Tofali lililojengewa kwa tope unaligonga mara mbili, tope linadondoka, umepata tofali zima. Lililojengewa kwa saruji nzito haliachii: unagonga, linapasuka tofali lenyewe, saruji inabaki inacheka. Kwa hiyo ukuta ule dhaifu uliokuangukia ndio uliokurudishia vifaa vingi. Waliojenga kwa gharama walipata mawe ya kumwaga kwenye msingi, basi. Ukweli mchungu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na nani aliyekaa juu ya kifusi akigonga tofali? Akina mama na watoto. Wanaume walikuwa wanatafuta miti, wanatafuta hela. Nilipita mitaa kadhaa, picha ni ile ile: mama amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nyundo mkononi, mtoto mgongoni, rundo la tofali safi kulia, rundo la vumbi kushoto. Huko Ujerumani baada ya vita vya 1945 wanawake walifanya hivyo hivyo. Berlin walipanga foleni juu ya vifusi wakipasiana tofali mkono kwa mkono, na wengi walienda kwa sababu kazi ile ilikupa kadi kubwa ya chakula kuliko ya mama wa nyumbani. Baadaye wakajengewa masanamu. Mwanahistoria wa huko, Leonie Treber, aliandika mwaka 2014 kwamba masanamu yamekuza mno hadithi, kwamba sehemu kubwa ya kifusi iliondolewa na makampuni yenye mashine. Huku kwetu hakuna sanamu na hakukuwa na mashine.

Sasa ndipo chanjo inaingia, nilisema.

Wiki zile kituoni tulipokea majeraha ya misumari, mengi ya nyayo na mengi ya watoto. Mbao za kenchi zimerundikwa na misumari imeangalia juu, mtoto anarukaruka. Watu wengi wanaamini kutu ndiyo inaleta pepopunda. Siyo kutu. Ni vijidudu vinavyokaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na vinapenda kidonda chembamba kirefu kisichopata hewa, ambacho ndicho msumari unakitengeneza. Msumari mpya wa dukani uliodondoka bandani kwa mbuzi unaweza kukuletea. Kwa hiyo: kidonda cha msumari kioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisifungwe kwa kinyesi, majani wala mafuta ya taa, na mtoto aje kituoni siku hiyo hiyo na kadi yake. Kama alipata zile tatu za wiki 6, 10 na 14, tuna pa kuanzia. Mama mjamzito, chanjo yako ya pepopunda inamkinga na mwanao anayekuja, usiruke.

Na kazi ya kung'oa misumari ifanyike kabla mbao hazijarundikwa. Inyooshe, tia kwenye kopo, utaitumia tena. Mimi pia nina kopo.

Lingine la haraka. Mbao za zamani zenye rangi usipikie. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, siyo ya bunduki, ile metali, na moshi na majivu yake vinaingia kwenye chakula na kwenye mikono ya mtoto anayetambaa. UNICEF mwaka 2020 walikadiria mtoto mmoja kati ya watatu duniani ana risasi kwenye damu kiasi cha kutia wasiwasi. Inapunguza akili polepole, hutaona homa wala upele. Vile vile vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa: nyingine dawa hiyo ina aseniki. Zisimamishe uzio ukipenda, ila jikoni hapana, na majivu yake kibanjani hapana.

Mnaona kinachotokea? Fito za mushonge zilikwenda jikoni bila shida kwa miaka yote ile. Mkono wetu bado unafanya kama zamani. Mti ndio umebadilika.

SEHEMU YA 5

Turudi kwa mama wa Muleba na paa la kijivu.

Zile ni karatasi za saruji iliyochanganywa na asbestosi. Asbestosi ni jiwe, linachimbwa, lakini jiwe la ajabu: ukilichambua linatoka nyuzi kama pamba. Haziungui, hazikatiki, hazili kutu. Mwaka 1901 Ludwig Hatschek wa Austria alipata hati ya kuchanganya nyuzi hizo na saruji akatengeneza karatasi nyepesi za kuezekea. Akaziita Eternit, kutoka neno la Kilatini la umilele. Zikasambaa duniani kote, zikafika na huku Afrika Mashariki: shule, nyumba za watumishi, maghala, misheni, na watu binafsi waliokuwa na uwezo. Kwa wakati wake lilikuwa paa la heshima. Halipigi kelele mvua ikinyesha, halichomi mchana. Baba mkwe hakukosea kulinunua.

Shida ni nyuzi. Karatasi ikiwa nzima juu ya paa, nyingi zimeshikwa na saruji. Ukiikata, ukiipasua, ukiitoboa, au ikizeeka ikaanza kumomonyoka, nyuzi zinaruka hewani, nyembamba kiasi kwamba huzioni, huzisikii puani. Zikifika ndani ya pafu hazitoki. Mwili hauwezi kuziyeyusha. Zinakaa miaka 20, 30, 40, halafu ndiyo pafu linakuwa gumu, au saratani inaanza, pamoja na ile ya ngozi inayozunguka mapafu ambayo karibu haina sababu nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbestosi zinasababisha saratani.

Dunia ilichelewa sana kukubali. Mwaka 1924 huko Rochdale, Uingereza, alikufa mwanamke wa miaka 33, Nellie Kershaw, msokotaji wa nyuzi hizi kiwandani. Daktari William Cooke alilichunguza pafu lake, akakuta vipande vya jiwe, akaandika kwenye jarida la madaktari. Kiwanda, Turner Brothers, kilikataa kulipa hata gharama za mazishi, wakiogopa kwamba wakilipa mmoja watalipa wengi. Ona: walishaelewa. Na karatasi ziliendelea kutengenezwa miongo na miongo. Uingereza yenyewe ilipiga marufuku moja kwa moja mwaka 1999.

Lakini habari ya kiwanda inawafanya watu waseme "basi mimi siyo mfanyakazi wa kiwanda". Ndiyo maana nataka mjue hizi mbili. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake walitoa habari za wagonjwa 33 wa ile saratani ya ngozi ya mapafu, wengi kutoka eneo la machimbo Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba. Walikuwa wameishi karibu tu, utotoni. Halafu mwaka 1965, London, madaktari wawili wanawake, Muriel Newhouse na Hilda Thompson, walifuatilia wagonjwa wa saratani hiyo hiyo na kuwauliza maisha yao yote. Wakakuta wengine hawajawahi kuingia kiwandani hata siku moja. Walikuwa ndugu na wake wa wafanyakazi. Mume anarudi na nguo zenye vumbi, mke anazikung'uta, anafua.

Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya. Kwa sababu nani anakung'uta nguo za fundi nyumbani kwako? Nani anafagia baada ya kubomoa? Na nani anachezea vipande kama chaki?

Kwa hiyo nilimwandikia hivi, na nimemwambia amsomee mume wake.

Kwanza, hofu iondoke. Watoto kuchorea siku mbili tatu siyo hukumu. Hatari inaongezeka kadiri mtu anavyovuta mara nyingi na kwa muda mrefu. Hakuna dawa ya kuwapa, na hakuna picha ya kifua itakayoonyesha kitu leo. Kinachotakiwa ni kusimamisha sasa.

Kwa macho peke yake huwezi kuwa na uhakika asilimia mia, kwa sababu zipo karatasi za baadaye za saruji zisizo na asbestosi na zinafanana. Ila ya zamani, ya kijivu, nene, ambayo ukiigonga hailii kama bati na ukingo wake uliovunjika unaonyesha nywele nywele, ichukulie kwamba ndiyo. Ukikosea upande huo hupotezi mtoto.

Za paani ambazo bado nzima zisirushwe chini. Lowesha kwa maji kwanza, fungua kwa mkono, shusha nzima, watu wazima tu, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Kitambaa kinasaidia kidogo sana. Barakoa ya vumbi ya kweli ni bora. Hakuna msumeno, hakuna nyundo. Vipande vilivyovunjika vilowe, viokotwe kwa mkono wenye glavu, vifungwe kwenye nailoni nene mara mbili. Pale chini futa kwa kitambaa chenye maji, usifagie. Nguo za kazi zilowekwe hapo hapo kabla ya kuingia ndani, zisikung'utwe, zisifuliwe na nepi za mtoto. Usichome. Usisage ukamwaga barabarani kujazia matope; nimeona hilo likifanyika mahali, na gari kila likipita linasaga tena. Mwite afisa afya wa kata au watu wa mazingira wa halmashauri wawaelekeze pa kupeleka, kwa sababu hizi ni taka hatarishi na haziendi dampo la kawaida. Wakichelewa kuja, zikae zimefungwa, zimefunikwa, mbali na kuku na watoto.

Jikoni hapana. Juu ya moto na moshi, mtoto mgongoni, karatasi inayozeeka na kumomonyoka juu ya sufuria. Banda la kuku hapana, kuku wanaparura na wewe ndiye unayefagia.

Jana usiku amenijibu. Mume alikasirika kwanza, akasema karatasi 40 ni hela nyingi kuzizika. Kisha akauliza: kwa hiyo nyumba nzima ya mzee ni ya kutupa? Nikamwambia hapana. Milango ni ya mninga, ing'oeni na fremu zake. Nondo za madirisha. Mawe ya msingi yote. Tofali zilizojengewa tope, gongeni taratibu, lowesheni kidogo vumbi lisiruke. Kenchi kama hazijaliwa, toeni misumari leo leo. Bati za jikoni la mzee ni bati kweli, nzito, zina matundu machache.

Wameshashusha karatasi 26. Zilizobaki wanasubiri mvua ipite, paa bado limelowa na linateleza.